Dakika Saba za Jumapili

Safari hii Dolegumba hakuja na nguo wala viatu vya kubahatisha saizi. Alikuja na kadi ya waifai, kile kipande cha ndani kinachoishikisha laptopu mtandao. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo kuliko stempu ya posta, kimefungwa kwenye kimfuko cha rangi ya fedha cha kuzuia umeme tuli, na alikisafirisha katikati ya kurasa za pasipoti, kwa sababu sanduku linaweza kupotea na mkoba unaweza kuibwa, lakini pasipoti mtu huishika kama roho yake.

Jina la Dolegumba alipewa kiwandani. Kwa miaka sita alikuwa amekaa kwenye laini namba nne ya kiwanda cha ruta, nchi ya mbali, akifanya kazi moja tu: kushika waya wa antena mwembamba kama uzi, kuweka kichwa cha waya huo juu ya kitundu cha shaba kwenye bodi, na kukibonyeza kwa dole gumba mpaka kilie ka! Kikilia, ruta inasogea, inakuja nyingine. Wenzake walisema angeweza kuifanya kazi hiyo usingizini, na kuna zamu kadhaa ambazo, kwa kweli, aliifanya usingizini. Dole lilikuwa limeota sugu ngumu kama kwato. Watu asiowajua, kwenye nyumba asizozijua, walizungumza na watoto wao raha mustarehe kwa sababu ya dole hilo, na yeye Jumapili kwa Jumapili mtandao ulikuwa unamkatikia.

Hilo lilimuuma kupita kiasi. Kila Jumapili saa kumi alasiri, kwa saa za nyumbani, binti yake alimpigia kwa video kutoka kwenye laptopu yake ya gemu. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umekula? Nimekula. Umekula nini? Wakiendelea hivyo, dakika ya saba binti husema, "Mama, mtandao unakatika, nakusikia nusunusu," na kweli unakatika. Haujawahi kukatika dakika ya tatu. Haujawahi kuvumilia hadi ya kumi. Mtu mwingine angeshtuka zamani. Dolegumba hakushtuka, maana kiwandani walimfundisha kwamba kifaa kikikatika mawasiliano, washukiwa ni watatu: waya wa kwanza, waya wa pili, na kadi yenyewe. Binadamu hawamo kwenye orodha hiyo.

Basi akamwendea msimamizi wa laini, akamtajia aina ya laptopu na mwaka wake. Msimamizi akacheka. "Hizo zilitoka na kadi mbovu mbovu. Kila mwenye nayo anaitoa anaweka hii," akamwandikia namba kwenye kiganja. Dolegumba alizunguka maduka matatu kuitafuta, akaipata, na tangu siku hiyo akawa mtu mwenye siri nzuri.

Siri ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Kiwanda kilimpa likizo ya siku kumi na mbili na kumtaka ajibu kabla ya Ijumaa: anarudi kwa miaka mitatu mingine, au ndiyo basi. Hakumwambia mtu, hata dada yake. Alikuwa amejiwekea nadhiri kwamba atamtazama binti yake usoni, na uso huo ndio utakaoamua. Alimwacha ana miaka kumi na mmoja, akamwahidi kwamba ni mwaka mmoja tu. Sasa binti ana kumi na saba na katika miaka yote hiyo wameonana wiki mbili, ile likizo ya kwanza aliyomletea nguo, viatu na laptopu. Alitaka kubaki. Tuseme ukweli, alikuwa ameshabaki moyoni mwake. Alichongoja ni mtu wa kumwambia karibu.

Alifika Jumamosi. Dada yake, yule aliyemlea binti muda wote huo, alimpokea kwa vifijo na kumkumbatia mpaka miwani ikamdondoka. Binti alitoka chumbani na hedifoni shingoni, mrefu kuliko picha zake, akasema shikamoo, akapokea mkoba, akauliza safari ilikuwaje. Alikuwa na adabu kweli. Alikuwa na adabu ile tunayowaonyesha wageni wa wazazi wetu. Akamwachia mama yake kitanda chake, yeye akahamishia mto chumbani kwa mama mkubwa, na usiku kucha Dolegumba alilala akitazamana na picha ya nyuki mkubwa mwenye kofia ya chuma iliyobandikwa ukutani. Asubuhi aliuliza ni ya nini.

"Ndilo jina lake kwenye michezo," dada alisema. "Nyuki. Wana timu, watu watano, wamesambaa huko na huko. Leo saa kumi wana mechi kubwa, wakishinda wanaingia nusu fainali. Hukujua?"

"Najua," Dolegumba alisema, na hakuwa anajua.

Baada ya chakula cha mchana akaona saa yake imefika. Akafuta meza ya kulia, akatandaza taulo nyeupe, akapanga bisibisi yake ndogo, kipande cha plastiki cha kufungulia kava, na ule mkanda wa mkononi wanaovaa kiwandani ili umeme wa mwilini usiunguze bodi. Katikati akaweka kimfuko cha fedha. Alijisikia daktari.

"Lete laptopu yako," alimwambia binti. "Nimekuletea dawa ya mtandao."

Binti alikitazama kile kimfuko, kisha akamtazama mama mkubwa wake. "Usijisumbue, mama. Umechoka na safari."

"Kazi yenyewe dakika kumi na tano. Nimeifanya miaka sita kwa watu baki, nishindwe kwa mwanangu?"

"Lakini nina mechi."

"Saa kumi. Sasa hivi ni saa nane na nusu. Utacheza na mtandao wa moto."

Dada akaingilia kutoka kwenye kochi, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Mdogo wangu, si uongee tu na mtoto? Mambo ya kufungua mashine ya watu..."

"Kuongea tutaongea mpaka mchoke."

Laptopu ikaletwa. Ilikuwa nzito, nyeusi, imejaa vibandiko. Dolegumba akaizima, akaigeuza kifudifudi, akaanza kufungua skrubu, akizipanga juu ya karatasi kwa mpangilio uleule zilivyokaa, kwa sababu fupi haziendi mahali pa ndefu na anayezichanganya hutoboa bodi. Skrubu ya tano kichwa chake kilikuwa kimelika kidogo. Ya saba ilikuwa ya rangi nyingine. Kijikaratasi cha dhamana kilichobandikwa juu ya skrubu ya mwisho kilikuwa kimekatwa kwa wembe, kwa unadhifu.

"Hii imeshafunguliwa," alisema.

"Ilikuwa na vumbi," binti alijibu. Alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mikono kifuani, na hakuketi japokuwa viti vilikuwepo.

Kava likaachia. Kwanza akachomoa waya wa betri, kama inavyotakiwa. Ndani kulikuwa safi. Feni hazikuwa na vumbi hata kidogo. Akafuata waya mbili za antena kwa macho, mmoja mweusi, mmoja mweupe, kutoka kwenye bawaba za kioo, zikapita pembeni mwa betri, zikapinda bila kubanwa, mpaka kwenye kadi. Akainama. Akatabasamu, kwa sababu ni raha ya fundi kuona kazi ya fundi. Vichwa vyote viwili vilikuwa vimekaa sawasawa, havikuegemea, na waya zilishikwa kwa kipande cha utepe mweusi kilichokatwa kwa mkasi. Kwenye laini namba nne kulikuwa na watu wenye miaka miwili kazini ambao hawajafikia hapo.

"Aliyefanya hii kazi ana mkono," alisema. "Ni fundi gani?"

Binti alishusha mikono. "Ni mimi."

"Wewe?"

"Niliangalia video."

Furaha iliyompanda Dolegumba wakati huo tusimdhihaki nayo, kwani haikumkalia muda mrefu. Alifikiri: ni damu yangu, dole langu hilo. Angepiga vigelegele. Alinyanyua uso kumsifu, na akiwa njiani kumsifu, jicho likapita juu ya karatasi nyeupe iliyobandikwa kwenye kadi. Akasoma namba. Akarudia kuisoma, kwa kidole, tarakimu moja moja. Akachukua kimfuko cha fedha akakiweka kando ya kadi ile.

Zilikuwa kadi moja. Kampuni moja, aina moja, namba moja mpaka herufi ya mwisho.

"Uliiweka lini?"

"Mama..."

"Nimeuliza lini."

"Mwaka juzi. Tulipata zawadi kwenye mashindano, nikanunua." Binti alikuwa akiongea na meza. "Ile ya zamani kweli ilikuwa inakatika. Ilikuwa inakatika, mama, sikudanganyi."

"Na baada ya hapo?"

Kochi likalia. Dada alikuwa amenyanyuka, anaelekea jikoni ambako hakukuwa na kitu kinachopikwa. Dolegumba akamtazama mgongo wake, akaelewa kwamba hata huyu alijua. Nyumba nzima ilikuwa inajua. Aliyekuwa amefumbwa macho ni yeye peke yake, mtaalamu wa antena, aliyezunguka maduka matatu kutafuta kadi. Aibu ilimpanda kabla ya uchungu, aibu kali ya mtu aliyevaa vizuri akaenda kwenye sherehe asiyoalikwa.

"Jumapili zote hizo," alisema. "Mwaka mzima na nusu. Nakaa kwenye ngazi za bweni kwa sababu ndipo simu inaposhika vizuri. Baridi ya kule wewe huijui. Nakaa nimeshika simu nasema labda nikiinua mkono, labda nikihamia ngazi ya juu. Kumbe mwenzangu umeshachoka."

"Si kuchoka."

"Ni nini basi? Niambie. Nipo hapa, sikatiki."

Binti akaketi hatimaye. Uso wake ulikuwa mwekundu machoni tu. Kwingine ulikuwa mkavu.

"Zamani nilikuwa nasubiri wewe ukate," alisema. "Kila mara ulikuwa unakata wewe. Kengele inalia huko nyuma, unasema mwanangu nawahi zamu, picha inapotea. Mimi nabaki nimekaa hapo hapo na kile kioo cheusi. Nilikuwa nalia mpaka mama mkubwa anakuja kunitoa. Siku moja akaniambia, mbona usimuage wewe kwanza? Sema mtandao, hatajisikia vibaya. Nikajaribu. Na kweli sikulia."

"Lakini..."

"Baadaye nikazoea. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, mama. Sasa hivi silii wala nini. Tunaongea zile dakika saba, unaniuliza nimekula nini, nakwambia, na naona zimetosha."

Dolegumba alikuwa na maneno mengi ya kujibu. Alikuwa na miaka sita ya maneno. Alitaka kusema kwamba karo ya shule, paa la nyumba hii na hiyo mashine unayochezea vyote vimetoka kwenye hili dole, litazame. Lakini alijua kwamba akiyasema hayo atashinda ugomvi na hatabaki na kitu kingine. Akajikaza kisabuni. Akatazama saa ya ukutani, na saa ilikuwa inakaribia tisa na nusu.

"Mechi yako," alisema. "Tuifunge."

Wakaifunga pamoja. Dolegumba aliinua vichwa vya antena kuvikagua, akavirudisha, ka, na ka, ingawa havikuwa na kosa lolote. Binti alimpa skrubu moja moja kutoka kwenye karatasi, kila moja kabla hajaiomba, fupi mahali pa fupi na ndefu mahali pa ndefu. Hawakugongana mikono. Kwa dakika kumi walifanya kazi kama watu waliokaa laini moja maisha yao yote, na Dolegumba alitamani kava lile lingekuwa na skrubu mia mbili. Lilikuwa na kumi na moja.

Kadi mpya akaiacha kwenye kimfuko chake cha fedha, akamkabidhi binti. "Iweke akiba," alisema, na binti akasema asante, akaondoka na laptopu kifuani.

Saa kumi mlango wa chumba ulifungwa. Dolegumba alibaki mezani na chai. Hakwenda kusikiliza mlangoni. Hakuhitaji, kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba.

Alisikia sauti ya binti yake. Si ile aliyoijua, ya nimekula, ya shule nzuri. Hii ilikuwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake. Iliamrisha, ilitania, iliapa, ilimwita mtu mmoja kobe na mwingine bwana harusi, ilicheka kicheko kirefu kinachoishia kwa kukoroma. Dolegumba hakuwahi kujua kwamba mwanawe akicheka sana hukoroma. Sauti haikukatika. Ilipita dakika saba, ikapita saa nzima, ikaendelea. Akapiga hesabu bila kupenda, akaona kwamba alasiri hii moja amemsikia mtoto wake akiongea zaidi kuliko miezi minne ya Jumapili ukiiunganisha.

Katikati ya mapumziko mmoja wa wenzake lazima alimuuliza kwa nini alichelewa kuingia, maana binti alijibu, "Samahani jamani, kulikuwa na fundi hapa, alifungua mashine." Kisha, kama aliyeulizwa tena: "Ndiyo, kamaliza. Haikuwa na tatizo."

Chai ilikuwa imeota utando juu. Dolegumba akainywa pamoja nao.

Walishinda. Ilijulikana kwa yowe, kisha mlango ukafunguka na binti akatoka mbio, jasho usoni, akamkumbatia mama mkubwa wake jikoni, akarudi na glasi ya maji, na kwa kuwa mwenye furaha humgawia aliye karibu, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mama yake. Akaanza kumsimulia. Nani alizingirwa, nani alitoka nyuma, jinsi alivyobaki peke yake dhidi ya wawili. Dolegumba hakuelewa hata nusu, lakini alitikisa kichwa, aliuliza swali, na swali likawa zuri, binti akajibu kwa mikono yote miwili. Walicheka. Walicheka kweli. Moyo wa Dolegumba ukamdanganya kwamba sasa ndiyo saa yenyewe.

"Nikuulize kitu," alisema. "Na kama nisingerudi kule tena? Nikibaki hapa moja kwa moja?"

Binti alishusha glasi. Hakukunja uso wala hakununa. Mtu angemwona angesema ni mtoto msikivu. Alifikiri kwa makini, akatupa jicho kwenye mlango wa chumba chake, kitanda chake, meza yake, yule nyuki ukutani.

"Ungelala wapi?" aliuliza.

Aliuliza kwa nia njema. Ndiyo sababu Dolegumba hakuweza hata kukasirika. Swali la hasira lina pa kulishikia, unalirudisha lilikotoka. Hili lilikuwa swali la mtu anayehesabu vitanda.

"Nakutania tu," alisema. "Nitawaachia nani ruta zao?"

Binti akashusha pumzi, akacheka. "Ulinitisha. Maana nusu fainali ni Jumamosi ijayo na mazoezi ni kila siku, nilikuwa nawaza..." Akanywa maji. "Lakini nitakusindikiza siku ukiondoka. Isipokuwa kama kuna mechi."

"Mechi kwanza," Dolegumba alisema.

Binti akainuka. Alipofika mlangoni akasita, akageuka, kana kwamba kuna neno alilolisahau mezani. Kisha hedifoni ikalia shingoni mwake, wenzake wanamwita, akaingia. Dada akatoka jikoni akifuta mikono iliyokuwa mikavu, akaketi mkabala, akataka kusema kitu. Dolegumba akamwonyesha kiganja: baadaye. Akachukua simu, akatafuta ujumbe wa kiwanda, akaandika kwamba amekubali miaka mitatu, na kwamba kama kuna nafasi kwenye ndege ya mapema zaidi, ya katikati ya wiki, yuko tayari.